Viatu vya Baba Mapajani

Baba yangu alikuwa na miguu mikubwa kupita kiasi. Sitanii. Pale Miembeni, Bukoba mjini, wenye maduka walikuwa wakimwona anaingia tu wanaanza kutikisa kichwa, maana walijua amekuja kwa jambo lile lile na wao hawana jibu jipya. Kwa hiyo alihubiri pekupeku miaka yote, kanzu nyeupe juu na miguu mitupu chini, wala hakuona shida. Aliyeona shida ni mzungu wake.

Ninaposema mzungu wake, nina maana ya mchungaji wa misheni aliyeishi na familia yake kwetu Kishanda, upande wa Muleba, enzi za Mwingereza. Yeye mwenyewe hakuwa Mwingereza. Alitoka nchi moja ya kaskazini kabisa ya Ulaya ambako, kwa maelezo ya mke wake, kuna majira jua linasahau kuchomoza. Baba alikuwa mwinjilisti, na watu walimwita Mwalimu. Ndiye aliyempokea siku ya kwanza, akamfundisha Kihaya kidogo kidogo, akamfundisha kula ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa mkono, akamfundisha na namna ya kuketi nyumbani mwa watu bila kuonekana ana haraka. Hilo la mwisho lilichukua miaka.

Mimi niliingia katika nyumba yao kama mlezi nilipomaliza shule. Binti yao mkubwa nilimbeba mgongoni tangu hajaota meno, na alijua Kihaya kabla hajajua vizuri lugha ya mama yake. Baadaye akapatikana mwingine, wa kike pia. Mama, ndivyo sote tulivyomwita mke wa mchungaji, alikuwa mtu mpole mwenye kicheko cha ghafla, na kwa kweli nilimpenda.

Ilipokaribia likizo yao ndefu ya kwenda kwao, mchungaji alikuja kwetu na gazeti kuukuu na penseli ya seremala. Akamwambia Baba akanyage juu ya gazeti. Alitaka kuchora nyayo zake apeleke kwa fundi viatu huko kwao, amshonee Baba pea moja. Baba akakanyaga. Penseli ikaanza kumzunguka, kisigino, ubavuni, kidole kwa kidole, na sisi watoto wake tumejazana mlangoni. Ilipofika upande wa ndani, pale katikati ya unyayo, ikamtekenya. Baba, mtu mzima, mwinjilisti, akaruka na kuangua kicheko hadi akashika ukuta.

"Tulia, Mwalimu!" mchungaji akamgombeza. "Utamfanya fundi ashone kiatu cha kilema."

Gazeti likakunjwa, likatiwa mfukoni, nao wakaondoka. Sikujua kwamba nitakikumbuka kicheko kile kuliko hotuba zake zote.

Kuna jambo jingine lazima niliseme hapa, la nyuma kidogo, maana bila hilo safari yenyewe haitaeleweka. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa njiani. Anaachwa afike kwake. Anapewa maji aoge, anakula, anaketi juu ya nyasi zilizotandikwa, watu wake wamemzunguka, ndipo mtu mzima anamwambia. Aliye njiani hana pa kuangukia.

Sasa, miaka kadhaa kabla ya ile likizo, Baba na mchungaji walikuwa ziarani kwa miguu, wakizungukia makanisa ya mbali. Tarishi akawakuta njiani na barua kutoka Ulaya, na ujumbe wa mdomo kutoka kwa Mama kwamba mama mzazi wa mchungaji amefariki. Baba ndiye aliyempokea, mchungaji akiwa anaoga mtoni. Barua akaisokomeza mfukoni mwa kanzu, na tarishi akamrudisha. Siku tatu walitembea hivyo. Mchungaji aliimba, alitania, alisimulia habari za utotoni, na Baba alicheka naye. Walipofika Kishanda, Baba alisubiri aoge na ale, akamketisha, akamwambia, akampa ile barua.

Nilikuwepo. Mchungaji aliisoma, akainua uso, na maneno yake ya kwanza hayakuwa kilio. "Siku tatu umenichekea," alisema. "Siku tatu unajua, na unanichekea usoni!"

"Nilikuchekea kwa sababu ulikuwa hujafika," Baba akajibu.

Mzungu alitoka, na juma zima hakusema na Baba. Hata kanisani alimpa mkono kama anavyompa mkono mgeni. Kisha jioni moja akatokea mlangoni petu, akaketi, akaomba akamwani, zile kahawa za kutafuna tunazompa mgeni. Akatafuna, Baba akatafuna, wakazungumzia mvua. Hawakulirudia tena jambo lile. Mimi nilibaki na swali langu moyoni: huyu mtu ameelewa, au amesamehe tu? Ni vitu viwili tofauti.

Baba alifariki wakati wao wakiwa baharini wanarudi. Homa ya kifua ilimchukua siku tano. Tulimzika kibanjani, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe, amevikwa lubugo, nguo ya magome ya mti, kama baba yake kabla yake, na miguu yake mikubwa ikiwa mitupu. Baadaye tukanyolewa nywele, mama yangu, ndugu zangu na mimi.

Majuma machache baadaye ikafika barua ya mchungaji, iliyoandikwa kabla ya yote hayo. Watashuka Mombasa, wachukue gari, waje nalo kwa barabara Nairobi hadi Kampala na kushuka hadi nyumbani. Mama ni mjamzito. Wananiomba niende kwa meli kutoka Bukoba niwapokee Kampala, nisaidie watoto katika sehemu iliyobaki. Na mwisho wa barua, kwa herufi kubwa, mwambie Mwalimu kwamba viatu vipo.

Baba mdogo, mdogo wake Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, aliniita.

"Utakwenda," alisema. "Usipokwenda watajua kuna neno. Utawaleta hadi hapa, wataoga, watakula, nami nitasema."

"Na wakiniuliza?"

"Utajibu hajambo."

"Baba mdogo, huo ni uongo."

Hakukasirika. Aliniuliza kama mtu aliye nyuma ya usukani, barabara imejaa tope, mkewe ana mimba na watoto wako nyuma, ni mtu wa kupewa habari ile. Lakini hofu yangu haikuwa uongo peke yake, na yeye alijua. Nilikuwa naogopa ile sauti: siku tatu umenichekea. Mara ya kwanza Baba alikuwepo, akakaa na hasira ya mwenzake hadi ikapoa. Safari hii angemkasirikia nani, na nani angempa akamwani? Urafiki wa nyumba zetu mbili ulikuwa ndio kitu kikubwa alichotuachia Baba, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa kwenda kuuharibu.

Nilifunga kitambaa kichwani, nikapanda meli.

Kampala walinikuta nimeshafika, nawasubiri kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Gari lilikuwa la kijani, nyuma lina turubai, na mizigo imefungwa kwa kamba hata juu ya paa. Binti mkubwa, sasa ana miaka tisa, aliruka kabla halijasimama vizuri, akanikumbatia kiunoni. Mdogo alikuwa amenisahau kabisa, akajificha. Mama alishuka polepole, ameshika mgongo, akanibusu mashavu yote mawili. Na mchungaji, kabla hata hatujamaliza kusalimiana, alikuwa ameshafungua sanduku la kadibodi juu ya boneti.

"Tazama!"

Vilikuwa vyeusi, vya ngozi nene, na kamba mpya. Kila kimoja kingetosha kuku kulalia mayai yake. Fundi, alisema, alikataa kuamini kipimo. Aliandika barua kuuliza kama kweli ni mguu wa mtu.

"Mwalimu hajambo?" akauliza, anacheka bado.

"Hajambo," nikasema. "Anawasalimu."

Neno lilitoka laini, na hilo ndilo lililonitisha. Mama akaniuliza nimetoka nyumbani lini. Hapo nikaona mlango mwingine wa kukimbilia. Nikasema sijatoka Kishanda, nimekuwa Masaka kwa mama mdogo mwezi mzima, barua yao imenifuata huko, na nimepitiliza moja kwa moja Kampala. Nilidhani nimefanya akili. Mtu ambaye hakuwa nyumbani haulizwi mengi ya nyumbani. Mchungaji akasema vizuri, basi tukifika tutapitia Maruku kwa mabwana shamba, tumchukulie Mwalimu ile miche ya kahawa aliyomwahidi. Kisha akaenda posta kuchukua barua zake.

Aliporudi alikuwa amebadilika. Nilidhani ni malaria, maana uso ulikuwa umemshuka na hakula. Yeye na Mama waliingia chumbani wakafunga mlango wakati jua bado liko juu. Watoto wakaitwa, mmoja mmoja. Mimi nilikaa uani nikikunja nguo zao, nikiwaza kwamba Wazungu wanachoka vibaya.

Tuliondoka alfajiri na mvua. Mama akasisitiza mimi nikae mbele. Nikakataa, mwenye mimba ndiye anayekaa mbele, akili gani hiyo? Akanisukuma kwa mkono, akanitandikia na shali yake magotini. Njiani tulipokula, paja la kuku nikapewa mimi. Nilikuwa mlezi wao, si mgeni wao, na heshima ile ilianza kunikera. Nikawaza labda ninaonekana nimekonda.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kingine. Mchungaji hakumtaja tena Baba. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga majibu yangu kama mtu anayekwenda kortini: migomba haijambo, kanisa limeezekwa upya, ng'ombe amezaa. Hakuuliza lolote. Asubuhi ikapita, mchana ukapita, mabwawa ya mafunjo yakapita dirishani, yeye anaendesha tu, macho mbele. Binti mdogo alipoanza kusema kitu chenye neno "Mwalimu" ndani yake, Mama alimkatiza haraka kwa lugha yao.

Mwanzoni nilishukuru. Kufikia Masaka nilikuwa nimekasirika. Kumbe ndivyo walivyo, nikajisemea. Amekwenda kwao, amekula siagi, amesahau. Mtu aliyemfundisha kuketi, hamtaji hata kwa salamu! Nilikuwa nabeba kifo cha baba yangu kimya kimya ili nimhurumie yeye, na yeye hana hata habari naye. Naungama kwamba kulikuwa na nukta nilitaka kumrushia lile neno usoni, palepale, gari likiwa katikati ya dimbwi, nione kama atasikia.

Sikulirusha. Gari lilizama kwenye tope, wanakijiji wakaja na majembe na majani ya mgomba, tukashuka sote kusukuma. Tulipomaliza niliona turubai linavuja, na sanduku la viatu limeanza kulainika kwa maji. Nikalitoa.

"Hivi ni viatu vya baba," nikasema. "Nitavishika mimi."

Mchungaji aliniangalia. Akageuka kwenda kupekua injini ambayo haikuwa na shida yoyote. Nikaona kiburi kingine hicho. Nikapanda, nikaviweka mapajani, na mapajani vilikaa kutoka pale hadi Kishanda. Vilikuwa vizito. Ngozi mpya ilinukia, na ndani ya kimoja mlikuwa na karatasi imesokotwa, nikadhani ni ya kukitunza umbo.

Siku ya pili tulifika Kyaka, kwenye mto Kagera, ambao siku zile ulivukwa kwa pantoni. Foleni ilikuwepo. Kina mama walikuwa wanauza ndizi na karanga kando ya magari, nami nikainamisha kichwa, maana kuanzia hapo ni kwetu, na kwetu habari hutembea kuliko gari. Haikusaidia. Mama mmoja mnene, ambaye kwao ni jirani na shangazi yangu, alinitambua kupitia dirishani.

"Yee waitu!" akapiga yowe kwa Kihaya, kapu kichwani, mikono yote miwili hewani. "Mwana wa mwalimu! Pole mwanangu, pole kwa..."

Honi ikalia. Mchungaji alikuwa ameikandamiza kwa kiganja chote na hakuiachia. Watu wakaziba masikio, mbuzi wakatawanyika, msimamizi wa pantoni akaja mbio akitukana. Yule mama midomo yake ilikuwa bado inakwenda lakini hapakusikika kitu. Mimi nilimkodolea macho na kumtikisia kichwa, usiseme, usiseme, hadi akaelewa, akafunika mdomo kwa mkono, akarudi nyuma.

"Hii foleni!" mchungaji akasema, jasho linamtoka. "Hawa watu hawana haraka!"

Mtu aliyefundishwa na Baba kutokuwa na haraka. Nilisikia aibu kwa niaba yake, na papo hapo nikamshukuru Mungu kwa ubaya wa tabia zake. Nilipogeuka nyuma, binti mkubwa alikuwa ananitazama. Alinitazama mimi, kisha kisogo cha baba yake, kisha mimi tena. Akanyoosha mkono kupitia upande wa kiti, akashika vidole vyangu, akakaa hivyo hadi ng'ambo.

Bukoba ndiyo niliyoiogopa kuliko zote. Pale misheni kulikuwa na Mzungu mwenzao aliyehudhuria maziko. Pale Miembeni kila duka linanijua. Usiku kucha nilikuwa nimetunga visingizio: tumbo linaniuma, twende moja kwa moja, nitatapika. Sikuhitaji hata kimoja. Kulipopambazuka mchungaji alitangaza mwenyewe kwamba Bukoba hatusimami.

"Tutasalimia siku nyingine," akasema. "Nataka tufike."

Watoto wakalia mkate. Mama, ambaye kiuno kilikuwa kinamuua, akasema hapana, tutakula ndizi. Tukapita Miembeni kama watu waliofukuzwa, vumbi na kuku vikitupisha, na niliona fundi cherehani mmoja amesimama barazani anainua mkono kunisalimu kwa uso wa huzuni, na mchungaji akakanyaga mafuta. Nilimsifu Mungu. Nilisema, Bwana, umenifungia njia zote za kuumbuka.

Kisha tukafika njia panda ya Maruku. Nilimtazama. Yeye ndiye aliyesema tutapitia miche ya Mwalimu. Hakupunguza mwendo. Njia ikabaki nyuma yetu, na mimi nikageuza uso dirishani nikalia, kimya, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Baba hahitaji miche tena, nilijua. Lakini huyu hajui, na amepita! Ziwa lilikuwa linaonekana na kupotea upande wa kushoto, Kemondo, Muhutwe, vilima vyetu vikaanza, na mimi moyoni nilikuwa nimeshaamua. Akiambiwa, akinikasirikia kwamba nimemdanganya, nitamwambia nami yangu. Nitamwambia kwamba alimsahau kabla hajafa.

Tuliingia Kishanda jioni, jua likiwa bado juu ya migomba. Walikuwa wametusubiri. Hakukuwa na vigelegele vingi, lakini mgeni akichoka hahesabu vigelegele. Maji yalikuwa moto. Wakaoga, nami nikaambiwa nioge. Nyumbani kwetu nyasi mpya zilikuwa zimetandikwa, tukaketi, tukala ebitoke na samaki, na hata mdogo alikula hadi akasinzia. Mama yangu mzazi aliketi karibu na nguzo, amejitanda hadi kwenye paji la uso. Mimi sikuweza kuviacha vile viatu nje. Vilikuwa bado mapajani.

Kijikapu cha akamwani kikazunguka. Tukatafuna. Baba mdogo akakohoa, akaweka mikono magotini.

Kabla hajafungua mdomo, mchungaji aliinuka. Nilidhani anataka kutoka nje. Hakutoka. Alivuka ile sakafu, akaja hadi nilipo, akapiga magoti juu ya nyasi mbele yangu, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu," akasema. "Umefika. Umeoga. Umekula. Watu wako wako hapa."

Akaibana mikono yangu.

"Nina neno la kukuambia, na naomba unisamehe kwamba siku tatu nimekaa nalo na nikakunyamazia. Nililipata Kampala, posta, kwa simu ya maandishi kutoka misheni ya Bukoba. Ulikuwa umesema hajambo. Umetoka kwa mama yako mdogo, hujui. Sikuweza kukuambia njiani. Baba yako..."

Hapo akashindwa.

Nilimsikia Baba mdogo akivuta pumzi. Nikafikiria lile paja la kuku, shali, kiti cha mbele, honi ya Kyaka, mkate ulionyimwa watoto, njia panda ya Maruku. Vyote vikanirudia kwa mpigo mmoja, vimegeuka upande wa pili, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

"Najua, Bwana Mchungaji," nikasema. "Nilikuwepo. Tulimzika hapo nje."

Nikafungua kitambaa. Nywele zangu zilikuwa fupi, ndo kwanza zinaota. Aliziangalia, akaelewa, akainamisha kichwa chake hadi kikagusa lile sanduku mapajani mwangu, akalia kama mtoto aliyepotea akaonekana. Mama naye analia. Nami ndipo nikalia, kilio changu chenyewe, kile nilichokuwa nimekibana tangu melini.

"Siku tatu," mama yangu mzazi akasema kutoka pale kwenye nguzo, kwa Kihaya. "Siku tatu ndani ya gari moja!" Na alicheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka, mara ya kwanza tangu tumzike, na watu wakaanza kucheka naye na kulia naye, hata sijui kipi kilikuwa kipi.

Binti mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Baba yake akamwona, akamuuliza, akijifuta uso, kama anaelewa kilichotokea.

"Mimi nilijua tangu Kyaka," akajibu kwa Kihaya chake kizuri. "Yule mama alisema pole. Nilijua wote mnajua."

"Mbona hukusema?"

Alimshangaa. "Tulikuwa hatujafika," akasema.

Kesho yake tulikwenda kaburini sote. Viatu havikumkaa mtu yeyote, si Baba mdogo, si ndugu zangu, wala hakuna aliyelazimisha. Vilikaa juu ya kabati la mama yangu hadi panya walipoanza kuvitafuna. Lakini ile karatasi niliyodhani ni ya kutunza umbo niliitoa siku ileile, nikaikunjua juu ya goti. Lilikuwa lile gazeti. Fundi alilirudisha pamoja na kazi yake.

Picha ya Baba hatukuwahi kuwa nayo. Wapiga picha walikuwa mjini, naye kila mara alisema mwakani. Gazeti ninalo mpaka leo, limekuwa la manjano na limekatika kwenye mikunjo. Kisigino kipo, vidole vyote vipo. Na upande wa ndani, katikati ya unyayo, mstari wa penseli umeruka nje, ukayumba, ukarudi. Ni pale alipocheka.